Ukinyamaza ndo unapendeza: niliyoyaona ndani ya familia moja ya Puebla

Nyie mnaonitumia meseji kila siku "vipi huko Mexico, wanawake wa huko wakoje", mi huwa nawajibu kifupi tu, wako poa, wana sauti, wanapika balaa, basi tunahamia stori nyingine. Ila nimekaa wiki nzima nafikiria hilo swali nikaona jibu langu ni robo ya jibu. Leo nataka niseme nilivyoyaona kwa miaka hii niliyoishi Puebla kama mke wa mtu na mkwe wa watu, na itakuwa ndefu, mniwie radhi.

Naanzia juu ya paa. Nyumba nyingi za hapa paa lake ni bapa, wanaita azotea, ndo kwenye tangi la maji, kamba za nguo na mbwa. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu ukisimama pale na beseni lako la nguo unaona milima. Magharibi kuna Popocatépetl, volkano inayofuka moshi mpaka leo, siku nyingine inatumwagia jivu kwenye shuka tulizotoka kuzifua, na pembeni yake Iztaccíhuatl, ambao ukiutazama vizuri kweli ni mwanamke amelala chali, unaona kichwa, unaona kifua, unaona miguu. Yote miwili imepita mita 5,000. Afu ukigeuka upande wa kaskazini-mashariki unakuta mwingine, mfupi kidogo, umekaa peke yake. Huo unaitwa Malinche.

Mama mkwe ndo aliyenipa stori ya hiyo milima, mwaka wangu wa kwanza, vibanio vya nguo viko mdomoni anaongea katikati ya vibanio. Iztaccíhuatl, kwa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa hapa, maana yake mwanamke mweupe, alikuwa binti wa mfalme, mchumba wake akapelekwa vitani, mtu mwenye wivu akaja kumdanganya kwamba mchumba kauawa, binti akafa kwa huzuni. Mchumba akarudi mzima, akambeba mpaka juu, akamlaza, akapiga magoti pembeni na mwenge unaotoa moshi, na ndo wako pale mpaka kesho. Aliisimulia taratibu, na macho yakamlenga machozi kidogo.

Nikamuuliza, na ule kule? Akatoa kibanio mdomoni. "Ule ni wa yule msaliti."

Basi. Neno moja, akaendelea kuanika.

Mi nikaenda kusoma. Malintzin, ndo huyo wanayemwita Malinche, alikuwa binti mdogo aliyegeuzwa mtumwa na kuishia kwa watu wa Tabasco. Mwaka 1519 Hernán Cortés, Mhispania aliyekuja kuiteka Mexico, aliwapiga watu wa Potonchán, hukohuko Tabasco, na wao ili yaishe wakampa zawadi, dhahabu, vitambaa, na wanawake 20. Yeye alikuwa mmoja wa hao 20. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Kumbe anajua Kinahuatl na Kimaya, na kulikuwa na Mhispania mmoja, Jerónimo de Aguilar, aliyekuwa ameishi kwa Wamaya miaka, kwa hiyo maneno yalikuwa yanatoka Kinahuatl kwenda Kimaya kupitia kwake, afu Kimaya kwenda Kihispania kupitia kwa Aguilar, mpaka yeye mwenyewe akakijua Kihispania na Aguilar hakuhitajika tena. Akamzalia Cortés mtoto wa kiume, Martín, baadaye Cortés akamwozesha kwa mwanajeshi wake, Juan Jaramillo. Ndo maisha yake. Leo hii, miaka 500 baadaye, mtu akipenda vitu vya nje kuliko vya nyumbani anaitwa malinchista. Mume wangu akinunua raba za kutoka nje mjomba wake anamwita hivyo hivyo.

Kinachonikaa moyoni ni kwamba kuna neno la kumtukana aliyegawiwa, ila sijawahi kusikia neno la kuwatukana waliomgawa. Watlaxcala, ambao mlima uko kwenye ardhi yao, wanaume wao kwa maelfu walipigana upande wa Cortés, na kweli nao wanasemwa, lakini neno la kila siku, la sokoni na la kwenye meza ya chakula, limebaki kuwa la binti mmoja mtumwa aliyekuwa anatafsiri. Na mlima wenyewe ulikuwa na jina kabla yake, Matlalcueye, mwenye sketi ya buluu, mungu wa kike wa maji. Kumbukeni hiyo sketi.

Kwa hiyo kila asubuhi nikianika nguo nina wanawake wawili wa mawe machoni. Mmoja alikufa akimsubiri mwanaume, anapendwa, anachorwa kwenye kalenda za ukutani. Mwingine alifungua mdomo. Na nyumbani wanao msemo wa kuwaambia wasichana, nimeusikia mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu: calladita te ves más bonita. Ukiwa kimya ndo unapendeza zaidi.

Tushuke jikoni sasa maana huko ndo nimeishi sana.

Mtoto wa wifi yangu, ambaye ndo hasa amenifanya niandike leo, alipokuwa na miaka tisa alipindua tortilla, chapati ya mahindi, kwenye komali, ile sahani ya chuma au udongo ya kuchomea, na tortilla ikafura kama puto. Jikoni nzima ikapiga makofi, bibi yake akamwambia "ya te puedes casar, mija", yaani sasa unaweza kuolewa mwanangu. Ni msemo wa nchi nzima, tortilla ikifura we tayari ni mke. Mtoto akafurahi mpaka akawa mwekundu. Dakika tano baadaye kaka yake naye akapindua ya kwake, ikafura vilevile, tena vizuri zaidi nilivyoona mi. Hakuna aliyesema kitu, akaila.

Na mama mkwe huyu ni fundi jamani, sitaki mnielewe vibaya, nampenda na ninajifunza kwake. Mole yake ya Puebla, ule mchuzi mzito wa pilipili, ni kazi ya siku mbili. Pilipili kavu aina tatu, mulato, ancho na pasilla, anazitoa mbegu na kuzikaanga kidogo kwenye mafuta ya nguruwe, moshi wake nyumba nzima tunakohoa, afu lozi, karanga, ufuta, zabibu, ndizi, mdalasini, karafuu, tortilla iliyochomwa mpaka imekuwa nyeusi, na mwishoni chokoleti. Siku hizi watu wanapeleka mashineni kusaga, yeye bado ana metate ya mama yake, jiwe la volkano la miguu mitatu, anapiga magoti mbele yake kama anasali, anasukuma mchi wa jiwe mbele, anarudisha, anasukuma, uzito wote wa mgongo uko kwenye viganja. Magoti yake yana ngozi ngumu, nyeusi kuliko miguu mingine yote. Nimeyagusa nikimpaka dawa. Enzi za mama yake hayo hayakuwa mambo ya sikukuu, mwanamke aliamka usiku kusaga mahindi yaliyochemshwa na chokaa, masaa kwa masaa, kila siku ya Mungu, ndo familia ipate tortilla za siku hiyo, mpaka mashine za kusaga zilipofika vijijini.

Mwaka 2010 UNESCO ikaweka mapishi ya asili ya Mexico kwenye orodha ya urithi wa dunia, ule urithi usioshikika. Nchi ilifurahi, na ilistahili. Matangazo ya utalii yakajaa mikono ya akina mama na metate. Ila niambieni, mama mwenye mikono hiyohiyo mtu akija kuhesabu watu nyumba kwa nyumba akauliza mama anafanya kazi gani, watoto wake wenyewe wanajibu "hafanyi kazi, yuko nyumbani tu". Nimelisikia kwa masikio yangu, mlangoni, yeye akiwa jikoni anasikia.

Na yeye mwenyewe ndo anayenichanganya kuliko wote. Aliuza tamales, unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda, alfajiri kwa miaka, sufuria la mvuke pembeni ya barabara saa kumi na moja na baridi la hapa, ili wifi asome chuo kikuu awe mhasibu, na maneno yake yalikuwa "soma usije ukamnyooshea mwanaume mkono kuomba hela". Wifi akasoma, akawa mhasibu, analipa nusu ya bili za nyumba. Sasa siku wifi akichelewa kazini, mtu wa kwanza kumuuliza "na mtoto kala nini?" ni huyohuyo aliyemsomesha. Baba wa mtoto amekaa pale kwenye kochi, haulizwi. Na akijaribu kuingia jikoni kuosha vyombo wajomba wanamwita mandilón, mwanaume wa aproni, mpaka anatoka. Soma, jitegemee, ila uwe nyumbani saa mbili. Uwe na hela zako, ila usimpite mumeo. Wifi aliwahi kuniambia tukiwa wawili tu kwenye gari, amezima injini hataki kushuka, "nimefanya yote waliyoniambia, na bado kila siku kuna upande nimekosea". Sikuwa na la kumjibu, tukakaa tu.

Lugha nayo. Nilipokuwa najifunza Kihispania cha mtaani nilikuwa naandika kwenye daftari. Kitu kikiwa kizuri sana ni padre, baba. Kikiwa kizuri kupitiliza ni padrísimo. Vurugu ni desmadre, ndani mna mama. Kitu kisicho na maana ni una madre. Sijali hata chembe, me vale madre. Kumpiga mtu mpaka umvunje, unamvunjia madre. Kuna machache ya sifa, a toda madre maana yake safi kabisa, nakubali, lakini ukipanga safu mbili kwenye daftari safu ya mama imejaa matope. Na hii ni nchi ambayo mama ni mtakatifu! Ukigusa mama wa mtu hapa unatafuta ugomvi wa kweli. Kila jikoni niliyoingia kuna picha ya Bikira wa Guadalupe, aliyemtokea Juan Diego kilima cha Tepeyac mwaka 1531, na tarehe 12 Desemba mamilioni wanaenda kwenye basilika yake, wengine wanatembea kwa magoti. Mi sina neno juu ya imani ya mtu, mama mkwe akiwasha mshumaa wake na mi nasimama pembeni. Ila mwanamke anayewekwa kama kipimo ni bikira na ni mama kwa wakati mmoja, sasa binti wa kawaida akipimwa kwa kipimo hicho ataanzia wapi?

Siku ya mama hapa ni tarehe 10 Mei, haihami, hata ikiangukia Jumatano mji unasimama, shule zinawahi kufunga, waimbaji wa mariachi wana kazi mpaka usiku. Nilidhani ni desturi ya kale. Kumbe ilianza 1922. Mwaka huo kule Mérida, Yucatán, ambako wanawake walishafanya kongamano lao la kudai haki tangu 1916, kilisambazwa kijitabu cha uzazi wa mpango cha Mmarekani Margaret Sanger. Gazeti la Excélsior likaja juu, na mwaka huohuo likaitisha nchi nzima isherehekee mama, kanisa na serikali wakaunga mkono. Yaani maua yaliletwa kujibu wanawake waliokuwa wanaomba kuchagua. Mwaka 1949 likazinduliwa sanamu la mama jijini Mexico, limeandikwa kwa yule aliyetupenda kabla ya kutujua, na miaka baadaye wanawake wakabandika bango lao pembeni, kwa sababu umama wake ulikuwa wa hiari. Mi napenda yawe yote mawili. Kwetu nyumbani tarehe 10 Mei mama mkwe anaimbiwa saa moja asubuhi akiwa na nguo ya kulalia, analia, tunalia wote, afu anaingia jikoni kupika mole ya sherehe yake mwenyewe kwa watu 20.

Na tarehe hiyohiyo, tangu 2012, kuna akina mama wengine wanaoandamana jijini Mexico, wenye picha za watoto wao vifuani. Orodha ya serikali ya watu waliopotea imepita 100,000. Hawa akina mama wanatoka na sepeto na fimbo ndefu za chuma, wanagongelea fimbo ardhini, wanaichomoa, wananusa ncha. Ikinuka wanachimba. Jirani yetu mmoja ni miongoni mwao na sitasema zaidi juu yake. Nitasema tu kwamba aliporipoti mwanae haonekani, kwenye ofisi moja aliulizwa mtoto alikuwa anajihusisha na nini, na kwa nini hakumlea vizuri. Mama mtakatifu, mpaka siku anapogonga mlango wa mtu kudai kitu.

Nirudi nyuma kidogo. Mapinduzi yalipoanza 1910 wanawake walikwenda vitani, walipika, walibeba watoto na risasi kwenye rebozo moja, ule mtandio wa hapa, wengine walishika bunduki. Petra Herrera alijifanya mwanaume akajiita Pedro ili apigane. Nchi inawaimba kwa jina la Adelita mpaka leo, kila mtoto ana picha ya Adelita shuleni. Lakini katiba ilipoandikwa 1917 Hermila Galindo alikuwa ameshapeleka ombi wanawake wapige kura, likakataliwa, na kura ya kitaifa ikaja Oktoba 1953. Mama mkwe amezaliwa mwaka huo. Mama yake, mwenye ile metate, alikuwa mtu mzima mwenye watoto ndo kwa mara ya kwanza akahesabika. Na mwaka 2024 wagombea urais wawili wakubwa walikuwa wanawake, Claudia Sheinbaum akashinda, akasema hakufika peke yake, wamefika wote. Mama mkwe alivaa hereni zake za dhahabu kwenda kupiga kura. Mezani wajomba walijadili kama huyu mama anatabasamu vya kutosha.

Sasa aliyeliona hili mapema kuliko wote. Mkienda sokoni hapa na noti ya peso 100 mnamwona usoni, ni Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa, alizaliwa Nepantla, nyuma ya milima yangu hiyohiyo ya kwenye kamba za nguo. Alipokuwa mdogo alikuwa anajipangia somo, anakata nywele zake vidole kadhaa, zikiota kabla hajalijua anazikata tena, akisema kichwa kitupu cha maarifa hakistahili pambo. Alimwomba mama yake amvalishe kiume aende chuo kikuu. Aliingia utawani kwa sababu ndoa hakuitaka na kule kulikuwa na nafasi ya kusoma. Na akaandika shairi, kila mwanafunzi hapa analijua, anawageukia wanaume moja kwa moja: mnamlaumu mwanamke kwa kile mnachomsukumia nyie wenyewe, akikataa hana shukrani, akikubali ni mwepesi, mnatia ukungu kioo kwa pumzi zenu afu mnalalamika hakionyeshi. Anauliza nani wa kulaumiwa zaidi, anayetenda dhambi kwa malipo au anayelipa ili atende dhambi. Karne ya 17 hiyo! Nililisoma nikamfikiria wifi kwenye gari.

Mwaka 1690 askofu wa Puebla, mji wangu huu, alichapisha barua ya kumwambia aachane na elimu za kidunia, na aliisaini kwa jina la mtawa wa kike, Sor Filotea. Mwanaume amevaa jina la mwanamke ili amwambie mwanamke anyamaze. Sor Juana akajibu 1691, na katika jibu lake kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote, anasema hata walipomzuia vitabu jikoni alijifunza, aliona yai linashikana kwenye mafuta lakini kwenye sharubati ya sukari linasambaratika, na akasema kama Aristotle angepika angeandika mengi zaidi. Nilimsomea mama mkwe akiwa anakaanga. Akacheka akasema "huyo alikuwa anapika kweli", maana kweli yai kwenye sharubati linafanya hivyo. Hatimaye Sor Juana aliachana na vitabu vyake na vifaa vyake vya sayansi, na mwaka 1695 akafa akiuguza watawa wenzake wakati wa tauni. Sasa yuko kwenye noti. Amenyamaza, anapendeza.

Hapo ndo ikaja habari ya sketi.

Vazi la taifa la mwanamke hapa ni china poblana, la mji huu, blauzi nyeupe ya kudariziwa, rebozo, na sketi nyekundu na kijani iliyojaa lentejuela, vile vipande vidogo vya kung'aa, mara nyingi wamechora tai wa bendera. Watu watakwambia ni la Catarina de San Juan, binti aliyetekwa India, akaletwa na meli za kutoka Manila, Ufilipino, akauzwa mtumwa Puebla, akaishi kama mtu wa Mungu na alipokufa 1688 mji ulijaa kumzika, na miaka michache baadaye Inkwizisheni, mahakama ya kanisa, ikapiga marufuku picha zake. Wanahistoria wanasema vazi si lake, ni la wanawake wa mtaani wa karne ya 19, waliojipatia hela zao wenyewe, waliocheza na kuchagua wapenzi. Mwaka 1840 mke wa balozi wa Hispania, Fanny Calderón de la Barca, alitaka kulivaa kwenye dansi. Wakubwa wa serikali walimfuata mpaka nyumbani kumsihi asivae, kwamba wanaovaa hivyo si wanawake wa heshima, hata soksi hawavai. Na mwaka 1919 Anna Pavlova akalivaa akacheza ngoma ya jarabe kwa ncha za vidole jijini Mexico, shule zikaanza kufundisha hiyo ngoma, na ghafla lilelile vazi la wasio na heshima ndo likawa taifa lenyewe. Wenye vazi walishakufa, hawakuwa na uwezo tena wa kumchagua mtu wala kumjibu mtu. Nadhani ndo maana.

Mama mkwe alimshonea mjukuu hiyo sketi kwa mkono, lentejuela moja moja, miezi minne, kwa ajili ya ngoma ya shule ya usiku wa uhuru, Septemba. Mwaka huohuo binti alitimiza 15, akafanyiwa quinceañera, baba akamvua viatu bapa akamvalisha vya visigino mbele ya watu 200, akapewa mwanasesere wake wa mwisho, kuhani akatangaza sasa ni mwanamke. Wiki iliyofuata alivaa kaptula kwenda dukani, akarudishwa mlangoni. "Umekuwa mwanamke sasa, huwezi kutoka hivyo."

Machi ikafika. Binti akasema anaenda maandamano ya tarehe 8, siku ya wanawake, na wenzake, na anaenda na sketi ya bibi. Jikoni ikapoa. Mama mkwe akasema ile sketi si ya kupiga kelele barabarani, ni ya heshima, nimeitolea macho yangu. Binti akalia, akasema kwa nini naweza kuivaa nikitabasamu na siwezi kuivaa nikiongea. Mi ni mkwe tu, huwa siingilii, lakini siku hiyo nikachukua simu nikawasomea habari ya mke wa balozi na wale wakubwa. Mama mkwe akasikiliza yote. Afu akauliza kitu kimoja tu.

"Eti hata soksi?"

Nikasema hata soksi. Akatazama miguu yake, anavaa soksi ndefu nzito za rangi ya chai, hata joto la Mei hazivui. Akanyamaza akaenda kulala mapema.

Asubuhi sketi ilikuwa kwenye kiti, imepigwa pasi. Ndani, upande wa kulia, imeshonwa mfuko mpya, kitambaa nikakijua, ni aproni yake kuukuu ya maua. Una kitufe. Ndani mna noti ya peso 100. Akamwambia mjukuu, bila kumtazama, simu ikae humo na ufunge kitufe, na usitoke kwenye kundi.

Wifi akaenda naye, na mi nikaenda. Sitawaelezea maandamano yote, mnaweza kuyaona mtandaoni, zambarau kila mahali, majina ya waliouawa yanasomwa mmoja mmoja na umati unaitikia. Ninachokumbuka ni ile sketi mbele yangu inavyowaka juani, na binti huyo ambaye kanisani hata kuimba huwa anaimba kwa kunong'ona, shingo imesimama mishipa.

Tulirudi giza linaingia. Pindo la sketi lilikuwa limechanika kidogo na lentejuela zimedondoka upande mzima wa bawa la tai. Binti hakuwa na sauti kabisa, alifungua mdomo kumsalimia bibi kikatoka kama kimkwaruzo cha mlango. Mama mkwe akaigeuzageuza sketi kwenye taa, akaiweka kwenye kikapu cha kushonea. Afu akaenda jikoni, akachemsha maji, akakata ndimu, akachota asali vijiko viwili, akakaa mbele yake kumshikia kikombe. "Kunywa yote mija, ingali moto, ili sauti irudi."